Moshi Hauna Mwenyewe

Asubuhi hiyo mto haukuonekana. Lubunga, ng'ambo ya pili, ilikuwa imefutika, na majivu mepesi yalitua hadi ndani ya vikombe. Kwenye benchi la kahawa karibu na soko kuu walikwisha kukaa wawili wasiokosa: Papa Asumani, aitwaye Météo kwa kutabiri mvua isiyonyesha, na Tonton Urbain, aitwaye Procureur kwa kuwa hajawahi kukosa mtu wa kushtaki. Ramla aliwamiminia huku ameuma meno. Wiki nzima alikuwa akiacha masomo ya chuo ili ashike birika la mama yake, Mama Kadidja, na wiki nzima wazee hawa hawakuwa na neno kwake ila "petite, ongeza sukari."

— Moshi hii iko natoka Bafwasende, alianza Procureur. Wachimba dhahabu. Wakikosa dhahabu, wanachoma pori kwa hasira.

— Ah non! Iko natoka Centrafrique. Upepo inaileta, visa haina.

— Alors, na wavuvi Wagenia? Wanakausha samaki ya Kinshasa muzima!

— Na volkano ya Goma, unaisahau?

— Volkano gani? Ni ndege, Météo. Zinamwaga moshi juu ili tusione zinabeba nini.

Ramla aliweka birika chini. Kwenye midahalo ya chuo alizoea kumwacha mpinzani ajimalize mwenyewe.

— Papa Asumani, shamba yako ya njia ya Buta, unaichoma lini?

— Samedi, jumamosi hii. Wote tunachoma samedi. Ukiwasha peke yako, moto inaruka kwa jirani, inakula mihogo yake, unapelekwa kwa chef. Donc tunawasha pamoja.

— Tonton Urbain?

— Samedi vilevile. Lakini yangu iko moshi kidogo, petite. Moshi ya chakula.

— Na yangu inapanda tout droit, Météo aliapa. Inaenda kwa Mungu, haipiti mujini.

— Njia muzima inawaka siku moja, na kila moshi iko na adabu yake? Gawaneni siku! Leo huyu, kesho yule. Kila mutu afyeke mupaka yake kwanza, moto ikose pa kurukia.

— Ile ni maneno ya campus, Procureur alimkata. Mimina.

Kabla Ramla hajajibu, Benoît, dereva wa lori, aliketi kwenye ncha ya benchi. Ndiyo kwanza afike kutoka Bafwasende, vumbi jekundu bado kwenye kope. Alionja kahawa, akatazama huku na huku.

— Mama Kadidja iko wapi?

Procureur alimtazama Météo. Météo alitazama kikombe chake.

— Kwani... haiko? Météo aliuliza.

— Iko hospitali, Ramla alisema. Kifua. Akilala hapumui, usiku muzima anakaa. Daktari anasema asirudi nyumbani moshi ikizidi. Na samedi munaizidisha.

Akalifunika birika kwa kitambaa, akalipakata. Wote walisikia kahawa ikicheza ndani.

— Kahawa imeisha.

— Lakini petite, iko...

— Imeisha, Papa. Itapatikana mukishapiga simu kule mashambani.

Benoît alisukuma kikombe chake mbali. Météo alijikuna kidevu, akakohoa, kisha polepole akatoa simu mfukoni, akampigia anayemtunzia shamba.

— Allô, Yusufu? Samedi usiwashe. Hapana, si mvua! Fyeka mupaka kwanza, uongee na majirani, kila mutu na siku yake.

Ramla hakulifunua birika. Alimgeukia Tonton Urbain, akangoja.