Mathe na Michezo ya Kukaa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Ninyi wa Butembo mnaotusikia vizuri, ninyi wa Beni mnaotusikia nusu, na ninyi wa Mutwanga mnaopanda na redio mpaka juu ya kilima ili kutupata: songeni karibu. Leo tunamkumbuka mtu mmoja. Jina lake Mathe. Alikuwa na chumba cha michezo ya video hapa Butembo, karibu na mto Kimemi. Alifariki mwezi uliopita kwa homa ya matumbo. Hakuwa amefika hata miaka arobaini.

Najua kuna mzee anayesema sasa hivi: "Michezo ya video! Katika vita hii, redio inatuletea mambo ya batoto?" Papa, usizime. Kaa nasi kidogo. Katika chumba kile kulikuwa na kijana aliyetaka kwenda porini kuchukua bunduki. Mathe alitaka abaki. Hiyo ndiyo habari yetu, na mchezo wa video uko katikati yake.

Mathe alizaliwa Kipese, kule juu Lubero, kwenye viazi na ukungu. Akashuka Butembo, akajifunza kutengeneza redio. Pengine hiyo unayotusikilizia ilipita mikononi mwake. Mjane wake ni Katungu, ambaye wengi tunamwita Mama Débora. Aliniambia walivyojuana.

"Alileta redio ya papa ikiwa imepona. Mais hakuenda. Alikaa, akaisikiliza pamoja na sisi mpaka habari zikaisha. Mama akaniambia mu sikio: huyu haiko na haraka. Muangalie muzuri."

Halafu rafiki yake Jamali, mwenye malori wa Beni, akamletea mzigo uliotoka Dubai. Televisheni, mashine ya michezo, manette mbili za kushika mkononi, na sanduku la disque zenye michezo. Mathe akatafuta mabenchi, akatundika shiti dirishani ili picha ionekane, akaweka groupe, mashine ya umeme, nje. Ile groupe ilikuwa inakohoa kama mvuta tumbaku. Watoto wa mtaa wakisikia inakohoa tu, walijua chumba kimefunguliwa.

Sasa sikilizeni namna yake ya kazi. Ukiingia, hakukuachia uchague disque. Alikuuliza kwanza: "Unataka kupita, ao unataka kukaa?" Aliyetaka kupita alipewa mpira ao ngumi. Anapiga, anapigwa, anaenda zake sokoni. Aliyetaka kukaa alipewa mchezo wa aina nyingine, mchezo wenye nchi ndani. Humo unakuwa mtu fulani. Una jina, una safari, una wenzako. Kuna miji na wafalme waliokufa zamani. Kuna ziwa lililokauka, na sababu yake ya kukauka. Ukimkuta mama mlangoni pake unasimama, anakuambia neno. Mchezo wa namna hiyo humalizi kwa siku moja. Mathe aliuita mchezo wa kukaa.

Na alijua kumpa kila mtu nchi inayomfaa. Askari mmoja wa barrière, kizuizi cha barabarani, alikuja akitaka vita. Mathe akampa mchezo wa kijiji, wa kulima na kufuga. Yule askari akawa anarudi kila Jumapili. Akifika mlangoni, kabla ya salamu, anauliza kwa Lingala: "Papa, ngombe na nga?" Ng'ombe wangu je?

"Eko muzima," Mathe anamjibu. "Mais amekukasirikia. Wiki nzima hapana majani!"

Sasa tunafika kwa Esdras. Esdras ni mdogo wake Mathe. Mwaka wa 2001 baba yao alikuwa anatoka Beni na baiskeli yake, na watu wenye silaha wakamwua njiani. Ni nani, mpaka leo hatujui. Esdras alikuwa na miaka kumi na sita. Baada ya matanga akaanza kuonekana pamoja na vijana wa porini, wale combattants. Walimwambia: njoo, tutakufundisha, utalipa kisasi cha papa yako. Narudia, wasikilizaji, ili tusipotezane: baba aliuawa, na Esdras alitaka kwenda porini kulipa kisasi.

Katungu anakumbuka vizuri. "Nikamuambia bwana yangu: weye njo mukubwa, mufunge mu nyumba! Akaniambia: Mama Débora, nikimufunga, siku nitafungua mulango ataenda mbio zaidi."

Badala ya kumfunga, akatoa disque moja chini kabisa ya sanduku. Mchezo wa kukaa, mkubwa kuliko yote. Hakuna aliyewahi kuucheza, kwa sababu maandishi yake yote yalikuwa ya Kijapani. Esdras akayatazama, akamkunjia kaka yake uso.

"Yaya, hii miguu ya kuku, nani ataisoma?"

"Miye."

"Weye? Kijapani?"

"Jamali alinielezaka yote. Shika manette."

Kwenye picha kulikuwa na kijana, kijiji kinachoungua, na njia inayokwenda mbali. Mathe akaanza kusoma. Kijiji cha huyu kijana kimechomwa, alisema, watu wametawanyika, naye anakwenda kuwatafuta mmoja mmoja awarudishe nyumbani. Nchi ile inaitwa Ngambo. Palikuwa na daraja, na mama mzee amesimama mbele yake. Mathe akasoma kwamba mtoto wa yule mama alivuka zamani na hakurudi, ndiyo maana anamwuliza kila mpita njia amekula nini. Palikuwa na ngome, na mfalme mzee ndani yake. Huyo ndiye aliyefunga njia zote za Ngambo. Mathe akasoma sababu: mke wake alipotelea njiani, na mfalme hakutaka tena mtu yeyote asafiri. Mke yule aliitwa Kasika, jina la wasichana wa huku kwetu.

Watu wakaangua kicheko. "Mujapani anaitwa Kasika?"

"Mama yake alitoka Lubero," akasema Mathe, bila kugeuza kichwa.

Habari ya Ngambo ikaenea mtaani. Wamama walikuja na maharage yao, wakawa wanachambua huku wanatazama. "Ule mama ya daraja, leo amesema nini?" Esdras alicheza mwaka mzima. Kila alipokaribia ngome, Mathe alimgeuza: "Bado. Kuna mutu moja hatujamupata, eko kule ku ziwa." Combattants wakatuma kijana mwenzao kumwita. Esdras akajibu: "Nimalize mchezo kwanza." Yule kijana akamcheka: "Askari ya televisheni!" Mais mvua ikanyesha, akasimama mlangoni, akatazama mpaka ikakatika.

Halafu barabara zikafungwa na mafuta ya groupe yakakosekana. Mathe akasema Ngambo haihitaji mafuta. Wakaendelea kwa mdomo. Yeye Mathe akawa mashine, na kila aliyeketi akawa mtu wa safari. Katungu, aliyekuwa akikaanga maandazi, alipewa kazi ya kuponya wagonjwa.

"Niko nachoma beignets hapa," alisema, "nani ataponya bale bantu?"

"Esdras amevunjika muguu mu mulima, Mama Débora. Unafanya nini?"

"Angoje mafuta ipate moto!"

Hivyo ndivyo walivyokaa, wasikilizaji wapendwa. Vita nje, Ngambo ndani. Na Esdras bado yuko.

Mwaka huu wa 2003, Jamali alirudi kutoka Kampala na zawadi. Aliona mchezo uleule dukani, kwa Kifaransa. Akaununua kwa moyo mweupe, akamkabidhi Esdras mkononi. Mafuta yalikuwa yamerudi. Mathe alikuwa mjini akitengeneza redio ya mtu. Aliporudi akakuta chumba kimejaa, macho yote kwenye maandishi. Kifaransa, kila aliyekwenda shule aliweza kukisoma.

Katika mchezo wenyewe hakuna Ngambo. Kijana hatafuti watu wake awarudishe. Ameapa kuua wote waliochoma kijiji, mmoja mmoja, mpaka kwa mfalme. Mfalme hana mke. Hana jina la mke, hana sababu. Na mama wa daraja ana maneno mawili tu, kila ukimfikia: daraja limefungwa.

Esdras akamgeukia Jamali. "Weye njo ulimufundisha Kijapani?"

"Miye?" Jamali akashangaa. "Miye nasoma Kurani na namba ya magari, basi."

Esdras akasimama mbele ya kaka yake. Katungu alikuwa mlangoni, alisikia kila neno.

"Ulinidanganyaka, yaya. Mwaka mbili."

"Ndiyo. Sikujua hata herufi moja."

"Juu ya nini?"

"Juu ulikuwa unaenda."

"Ata muchezo inasema kisasi! Weye peke yako njo ulikatala. Batu bote banacheka, miye mujinga nalilia mama ya daraja!"

Esdras akachukua ile disque, akachukua koti, akatoka. Katungu akamwambia mumewe amkimbilie. Mathe akaketi kwenye benchi. "Nikimufuata, nitamukamata kwa nguvu. Kisha nitamufanya nini?"

Wiki ileile homa ikampata Mathe.

Esdras hakuwa amekwenda porini. Alikuwa Beni, mtaa wa Beu, nyumbani kwa Jamali. Mais alimwambia Jamali waziwazi: namaliza huu mchezo kama ulivyo, kisha nakwenda. Combattants wa upande ule walikwisha kujua jina lake. Jamali ananiambia: "Kila nikitoka musikiti, namukuta mbele ya televisheni. Bibi yangu anamuwekea foufou ya kula, inapoa. Nilikuwa naomba Mungu ule muchezo ikuwe murefu."

Siku moja alfajiri ikapita, kumepambazuka kabisa, Esdras akafika kwenye ngome. Wasikilizaji, hapa nawaachia maneno yake mwenyewe, kama alivyonipa juzi.

"Nilifika mbele ya mufalme. Ameketi, amechoka, hapana silaha. Mashine inangoja nifinye kifungo moja, nimupige, iishe. Nilifinya? Hapana. Nilikuwa najua bibi yake anaitwa Kasika. Najua ni uongo ya yaya, najua! Mais kidole ikakatala. Nikajiuliza: bale baliua papa, banaitwa nani? Miye sijue ata jina moja. Ku pori batanionyesha mutu, bataniambia ni huyu, na miye nitafinya. Nikaweka manette chini. Nikamuambia Papa Jamali: lori inaenda Butembo saa ngapi?"

Alimkuta Mathe hospitalini. Katungu alikuwa anamfuta jasho. Mathe akafungua macho, akamtambua.

"Umemaliza?"

"Hapana. Nilimuacha muzee pale ku kiti."

"Angali muzima?"

"Angali muzima."

Katungu anasema mumewe alicheka mpaka mganga akaja kuuliza kuna nini. Kisha akamwambia Esdras aketi, amweleze ngome ilivyo ndani, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kufika. Esdras akaeleza. Milango, ngazi, taa, kiti. Alieleza siku ile na siku iliyofuata. Mathe alifariki asubuhi, mdogo wake akiwa amemshika mkono.

Wasikilizaji wapendwa, tufikiri pamoja. Wengi wetu tuna watoto, na wa kwangu amelala mgongoni hapa ninaposoma. Hizi mashine zitaongezeka, vita viishe ao visiishe. Ukimtafutia mtoto mchezo, mtafutie wa kukaa. Uwe na nchi ndani, uwe na watu wenye majina na habari zao za zamani, uwe mrefu wa kutosha mtoto kuwazoea. Na akirudi nyumbani usimwulize ameua wangapi. Mwulize amekutana na nani. Kama mchezo hauna jibu, kaa naye, mtafute jibu ninyi wawili.

Kwa Katungu, Mama Débora, tunatoa pole zetu zote. Mungu akupe nguvu, na binti yenu Débora akue akiijua sauti ya papa yake kwa midomo ya waliomsikia. Kwa jamaa ya Kipese, pole. Kwa Jamali na nyumba yake huko Beu, pole, na usijilaumu kwa zawadi yako. Kwako Esdras, pole sana, ndugu yetu.

Na ninyi vijana mlioko porini: najua redio mnayo, na najua jioni kama hii mnaifungua. Kesho saa nane mchana Esdras anafungua chumba. Ni yeye atakayesoma. Kwenye benchi kuna nafasi.