Fundi Taratibu na Gari Lililoziba Mlango

Wafiwa, majirani na mafundi wenzake, anayewasomea ni shangazi wa marehemu, ila aliyeandika ni mkewe, na kwanza kabisa anawaomba radhi kwamba jeneza limebaki barabarani badala ya kuingia ndani, sababu mtaisikia humu humu.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Fundi Taratibu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1991 katika zahanati ya nyuma ya stesheni, mtoto wa pili wa mama mshonaji na baba dereva wa lori, alimaliza shule ya msingi mwaka 2005 na sekondari mwaka 2009, na Januari iliyofuata akaingia gereji ya mjomba wake, hii iliyo chini ya usawa wa barabara, ambako mwaka mzima hakuruhusiwa kushika spana, kazi yake ilikuwa kuosha vyuma na kuvipanga kwenye trei kwa namba.

Jina la Taratibu lilitokana na kamshafti, zile shafti mbili za juu ya injini zinazofungua na kufunga valvu, maana akifunga mpya alizipaka mafuta mazito kwanza, akakaza boliti robo kwa robo kuanzia katikati, akalinganisha alama za cheni inayozizungusha, na hawashi ng'o mpaka aizungushe injini kwa mkono mizunguko miwili kamili huku anasikiliza, hata wateja wakamtania kwamba ukimpelekea gari Taratibu, pitia dukani ununue viatu, naye anawajibu kwamba viatu ni rahisi kuliko pistoni.

Tarehe 3 Desemba 2022 alifunga ndoa, wakahamia chumba cha nyuma ya gereji, na tarehe 11 Januari 2024 wakajaliwa binti, ambaye hadi leo akisikia spana ikianguka anacheka.

Asubuhi ya tarehe 17 Septemba 2024 alikuwa akifunga kamshafti mpya kwenye gari la jirani mwenye teksi, gari liko ndani kabisa, bampa karibu iguse mlango wa chumba, mkewe ameizuia shafti moja kwa spana isicheze, mtoto akalia, mkewe akageuka, mkono ukalegea, cheni ikaruka jino moja, na marehemu hakumgombeza, alisema tu acha mama, tutairudisha baada ya chai, akakaa juu ya tairi, akashika kifua, na chai ile haikunywewa.

Alilazwa hospitali siku tatu kwa ugonjwa wa moyo, mara tatu aliuliza kama gari limewashwa, na tarehe 20 Septemba saa kumi jioni akafariki.

Tangu hapo mkewe anatoka chumbani ubavu ubavu, mtoto anapitishwa dirishani, wanaume sita wamesukuma gari na mteremko ukalirudisha, na jana kaka mkubwa wa marehemu, kwa nia njema, alikubaliana na mwenye teksi kwamba baada ya mazishi liwashwe litoke lenyewe, mkewe alipojaribu kusema akaambiwa shemeji pumzika, ya injini tuachie sisi, basi anayasema hapa ambapo hakuna wa kumkatiza, likiwashwa hivyo lilivyo, cheni ikiwa imeruka jino, valvu zitagonga pistoni, injini itakufa, na itasemwa kazi ya mwisho ya Taratibu ilikuwa mbovu, kumbe kosa ni la mkono wa mkewe, amelificha siku tano kwa woga, na namna ya kulirekebisha anaijua, kwa hiyo anaomba ufunguo wa gari ulio mfukoni mwa shemeji yake huyo arudishiwe sasa, mbele yenu, kabla shangazi hajakunja karatasi hii, na kesho saa mbili asubuhi fundi mmoja tu aje amshikie shafti, kuzungusha atazungusha mwenyewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliokesha naye, majirani mliompokea mtoto dirishani, na mafundi wenzake mliofunga gereji zenu leo.

Pumzika kwa amani, Taratibu, halijawashwa.