Mama Hulda na Kipimo Kilichomruhusu Kusafiri

Alhamisi, tarehe 31 Julai 2025, Mama Hulda Mujinga anavua koti lake jeupe baada ya miaka thelathini na sita na miezi mitatu katika maabara ya Kituo cha Afya Mwangaza, hapa Kamina. Aliingia tarehe 2 Mei 1989 akiwa na diploma yake mkononi, akakuta hadubini moja isiyo na taa. Taa haijapatikana hadi leo. Yeye alifunga kioo cha kujitazamia dirishani, akakigeuza mpaka jua likaanguka kwenye lensi, na kwa jua hilo amesoma malaria ya nusu ya mji huu.

Wasiomjua humwona mkali. Sisi tunaofanya naye kazi tunajua kwamba si ukali, ni udadisi uliokosa breki. Swali lake ni moja tu, "Umejuaje?", na halichagui mtu. Mchungaji wetu anakumbuka Jumapili alipotangaza kwamba waumini mia sita wamehudhuria ibada, na Mama Hulda, benchi la tatu, akataka kujua nani amewahesabu. Walihesabiwa. Walikuwa mia nne na kumi na wawili, pamoja na watoto wa mgongoni.

Kuna desturi aliyoianzisha, ambayo wafanyakazi wapya huichukia mwaka wa kwanza na kuizoea wa pili. Kila Januari, kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingia, kila mtu wa maabara anatoa mkono na kuchomwa. Damu ikiganda, maji yake yanayobaki juu yanatiwa katika chupa ndogo, jina na mwaka vinaandikwa, na chupa inalala kwenye friza ya sola. Kikija kipimo kipya, Mama Hulda hukijaribu kwanza kwa damu za watu anaowajua. Mganga, husema, aanze kujichoma mwenyewe.

Mwanzoni mwa 2021 vikaja vipimo vya kingamwili vya korona. Kabla ya hapo, anayetaka kujua kama anaumwa alichokolewa puani, sampuli ikapanda gari kwenda Lubumbashi, na jibu lilirudi mgonjwa akiwa amekwisha pona au kuzikwa. Hivi vipya vilikuwa rahisi: tone la damu ya kidole, dakika kumi na tano, na mstari. Kituo chetu kilipewa boksi moja la vipimo ishirini na vitano; vingine viliuzwa sokoni, nje ya boksi, juani, pembeni ya sabuni. Vyote vilikusudiwa kuonyesha kama mwili umewahi kupigana na korona na kubaki na askari wake. Watu walivisoma kwa namna nyingine kabisa. Sajini Likoke wa kambini alipopata mstari, alikitoboa kipimo chake, akakitia uzi na kukivaa shingoni kama kitambulisho, barakoa akaitupa. Alikuwa akisalimiana na kila mtu kwa mikono miwili.

Mama Hulda naye alijipima kidole, safari hii bila kupita kwanza kwenye friza, na mstari ukatoka. Siku hiyo aliimba. Baba yake, mzee Manassé, mwalimu mkuu mstaafu wa miaka themanini na sita mwenye kifua kibovu, alikuwa Kinkondja, na kwa mwaka mzima Mama Hulda hakuwa amekwenda kumwona, kwa kuogopa kumpelekea ugonjwa. Sasa alikuwa na ruhusa. Alikata tiketi ya treni ya kufika Bukama, akapanga mtumbwi wa kumvusha, na alimpigia mzee simu kwamba Pasaka wataila pamoja.

Asubuhi ya kuondoka alipita maabara kuaga, begi mkononi. Nilikuwapo. Aliweka begi chini, akasimama mbele ya friza kwa muda, kisha akatoa chupa yake mwenyewe ya Januari 2019. Nilimuuliza anatafuta nini, akasema hajui bado. Akadondosha tone, tukangoja.

Mstari ukatoka.

Januari 2019 korona ilikuwa haijasikika popote duniani. Tulitoa chupa zote saba za maabara za mwaka ule, na tatu zikatoa mstari. Mwenzetu mmoja alisema labda korona ilianzia Kamina, tukacheka, ila Mama Hulda hakucheka. Dhana yake, ambayo aliiita dhana na si jibu, ilikuwa kwamba mwili uliopigana na malaria miaka hamsini una askari wengi sana, na kipimo kile kilikuwa kinachanganya sare zao. Akaongeza jambo ambalo kwa furaha yetu tulikuwa tumelisahau: hata mstari wa kweli unaeleza ya zamani, hauelezi kama leo umebeba ugonjwa pumzini.

Akalichukua begi, akarudi nalo nyumbani. Nakiri kwamba nilimwona mjinga. Nani angejua habari ya chupa ile kama angesafiri tu?

Mzee Manassé alikasirika kiualimu, yaani kwa ufupi. "Benzako bote banafika," alimwambia kwenye simu. "Weye tu njo unashindwa?" Alipoelezwa habari ya chupa alikata simu, na kwa wiki tatu hakupokea. Mama Hulda alikuja kazini kila siku, akabandika mlangoni tangazo kwa Kiswahili na Kiluba: kipimo hiki, kwa damu zetu hapa, hakijui. Hakusema vipimo vyote vya korona ni vya uongo. Aliyesema hivyo mbele yake aliulizwa amejuaje. Mwenye duka la dawa aliyekuwa akiviuza alilalamika kwa wakubwa wa afya, wakubwa walikuja, wakaonyeshwa chupa, wakaondoka bila kulibandua tangazo. Sajini Likoke alivua mkufu wake, ingawa alichukua siku nne kukubali.

Siku ya kumi na mbili baada ya safari iliyokufa, Mama Hulda alinusa samaki wa kukausha na hakusikia chochote. Homa ikafuata. Jibu kutoka Lubumbashi lilikuja akiwa amekwisha kuanza kula tena bukari, ugali wetu: ilikuwa korona yenyewe.

Ningependa kuandika kwamba alimwokoa baba yake. Yeye mwenyewe amenikataza. Huenda ugonjwa aliupata hapa kazini wiki ile ile, na kama angesafiri asingeupata kamwe. Huenda alikuwa nao tayari alipokuwa ameshika begi. Hilo halina kipimo, na baada ya miaka minne bado analigeuza kichwani kama mtu anayetafuta mwiba kidoleni.

Tunachokijua ni hiki. Agosti 2021, akiwa amepona na kukaa peke yake wiki mbili, alikwenda Kinkondja, akakaa siku sita. Mzee Manassé alifariki Novemba, kwa moyo uliochoka. Wiki iliyopita, tukinywa chai, nilimuuliza kama anajutia Pasaka ile. Aliweka kikombe chini, akasema: "Ile Pasaka inaniuma mpaka leo. Lakini mwezi wa nane nilifika, na baba njo alinifungulia mulango, yeye mwenyewe, na miguu yake."

Mama Hulda, sisi wa Mwangaza tunakushukuru kwa kila kidole ulichochoma na kwa kila mara uliposema hujui. Tunaambiwa unakwenda kuishi Kinkondja, katika nyumba ile ile ya mzee. Uwe na uzee mtulivu, na Mungu akujalie wageni wengi wa kuwafungulia mlango.

Éliane Kazadi, maabara