Laana Niliyoitamka Nikidhani Nakufa

Ndugu zangu wa Siakago, sifa zote kwa Mungu aliye hai! Mimi ninayesimama hapa niliondoka mjini humu juu ya lori la magunia ya ndengu, nikienda kwetu Muthara kufa. Siku nzima barabarani, Embu, Chuka, Meru, nikitazama vilima nilivyovikimbia miaka ishirini nikitangatanga, nikilia.

Ubavu uliniuma. Picha ya tumbo ilionyesha uvimbe mkubwa kwenye ini. Aliyeisoma alisema unafanana na kansa, nirudi nipimwe zaidi. Sikurudi. Neno kansa lilinitosha!

Nyumbani niliita wazee. Kwetu maneno ya mtu anayekufa hayachezewi. Mbele yao nilimpa ndugu yangu Kaberia shamba langu la miraa, nikatamka: yeyote atakayevuna hapa asiye wa nyumba ya Kaberia, laana yangu imuue. Kaberia alilia. Akanionyesha nitakapozikwa, kando ya kaburi la baba.

Nikangoja, nikikonda kwa woga. Mke wa Kaberia, Mama Makena, alifunga na kuomba siku tatu, kisha akaja mlangoni. "Shemeji, huko kufa kwako kumechelewa. Amka twende Meru wakuangalie vizuri."

Kule niliingizwa kwenye mashine kubwa. Daktari alizisoma picha, akaniambia: "Mzee, hii si kansa. Ni mishipa ya damu imejikunja ikawa donge. Wengi wanaishi nalo bila kujua. Nenda nyumbani."

Haleluya! Nilipiga magoti sakafuni.

Lakini nyumbani wapi, ndugu zangu? Niliomba mistari miwili tu ya miraa. "Sasa marehemu anadai shamba?" mzee mmoja akasema, wakacheka. Kaberia hakucheka. "Ndugu yangu, ningekupa hata leo. Lakini ukivuna, ni wewe uliyejilaani. Nikuzike kweli?" Mchungaji aliomba laana ivunjwe. Hakuna aliyethubutu kuijaribu. Mimi pia, nasema ukweli, niliushika mti mmoja wa miraa, nikauachilia.

Mungu alinitoa kwenye kifo. Nyumbani nilijitoa kwa mdomo wangu. Hata hivyo namshukuru! Wewe unayeogopa majibu, mtegemee Yeye, urudi kwa daktari, na usijizike mapema.

Asubuhi niliyoondoka, Mama Makena alinifungia mukimo, chakula cha njiani. Pale nilipoonyeshwa kaburi langu, maharagwe yalikuwa yameshaota. Niliyaruka nisiyakanyage, nikashika barabara. Sitarudi tena.