Elkana Nchagwa na Fahali wa Alama Mbili

Marehemu Mzee Elkana Nchagwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 karibu na Kegonga, akiwa kitinda mimba wa Mzee Nchagwa na Mama Robi. Mama yake alipenda kusimulia kwamba alizaliwa amekunja uso, kana kwamba anataka kujua mlango umefungwa na nani. Tabia hiyo hakuiacha. Hadi mwaka jana alikuwa akifunga duka, anatembea kidogo, kisha anarudi kutikisa kufuli.

Alianza shule ya msingi mwaka 1956 na akajulikana kwa kuchora. Mwaka 1961 ng'ombe wa baba yake waliibwa wakavushwa mpaka kwenda upande wa Tarime. Baba alifuata nyayo za kwato pamoja na majirani, akarudishwa amebebwa, na mguu wake haukupona tena. Karo ikakosekana, masomo yakaishia hapo. Bomani alibaki ndama mmoja tu, mwenye mkato, alama ya boma lao, upande wa chini wa sikio la kulia. Mbwa akibweka, Elkana alikimbia kwenda kumshika ndama sikio, ahakikishe bado yupo.

Mwaka 1966 alikwenda Homa Bay kujifunza kushona makochi kwa Mzee Sharif, mwenye duka la fanicha mjini. Mzee Sharif alikuwa akiwaambia wateja kwamba kochi lililoshonwa na mtu mwenye wasiwasi halifumuki. Mwaka 1979 marehemu alifungua duka lake mjini Migori, na wengi mliofika hapa leo mmekalia kazi ya mikono yake.

Alimwoa Mama Phelesia Auma wa Oyugis mwaka 1974, baada ya binti huyo kuja Homa Bay kumnunulia baba yake kiti na kurudi mara nyingi kulalamika kwamba kiti kinayumba. Kiti hakikuyumba. Ng'ombe wa mahari walipofika Oyugis, baba mkwe alichukua kisu akatia alama ya boma lake kwenye sikio la kushoto, ile ya kulia akaiacha kama ilivyo. Marehemu alishtuka, akadhani ng'ombe wake wanaharibiwa. Mkwe alimtuliza: "Ng'ombe wa alama moja ni wa mtu. Huyu wa mbili ni wa wakwe. Hakuna askari atakuuliza kitu."

Mwaka 1996 Migori ilipopewa michezo ya vijana wa mpakani, Kenya na Tanzania, kamati ya Mwalimu Mayaka ilimwomba marehemu ashone mnyama wa michezo, yule anayevaliwa na mtu akacheza mbele ya timu kuwa alama ya mashindano. Wengine walitaka simba. Marehemu akauliza ni mgeni gani hukaribishwa na simba. Wengine wakataja kiboko, lakini watu wa Mbita hawakutaka kusikia habari za mnyama anayewapindulia mashua. Ikaamuliwa awe fahali, kwa kuwa pande zote mbili za mpaka zinamheshimu. Michezo ikiisha angekabidhiwa wageni, wakae naye hadi zamu yao ya kuandaa mwaka 1998.

Marehemu alimshona kwa blanketi jekundu na sponji za makochi. Mkono wake, bila kumuuliza, ukakata sikio la kulia kwa chini. Nyumbani kwao hakuwahi kuona ng'ombe mwenye sikio zima.

Siku ya ufunguzi fahali alicheza vizuri mpaka alipofika mbele ya wageni. Mzee Ryoba, kiongozi wa msafara kutoka Tarime, alisimama akashika lile sikio. "Huyu ni ng'ombe wa boma ya Nchagwa," akasema. "Tukivuka na yeye, kesho mtasema tumeiba."

Vijana wa huku na wa kule wakaanza kusogeleana, wakirushiana maneno juu ya ng'ombe waliopotea kabla wao hawajazaliwa. Marehemu alisimulia baadaye kwamba saa ile alimwona tena baba yake akirudishwa amebebwa. Alipita katikati yao, akampa mzee mkasi wake wa kazi.

"Mzee, makosa ni yangu," alisema. "Weka alama yenu kwa hili sikio lingine. Kwa mama watoto tulifanya hivyo, na mpaka leo tunaitana wakwe."

Mzee Ryoba akaupokea mkasi, akakata. Alipomaliza akauliza bibi harusi yuko wapi, uwanja mzima ukacheka, na mbio zikaanza. Jioni fahali alivuka mpaka.

Mnamo Novemba 1997 marehemu alianza kuugua shinikizo la damu na moyo. Daktari alimshauri apunguze mawazo, na Mama Phelesia akacheka hadi akalia. Mwezi Mei mwaka huu uvumi wa ng'ombe kuibwa mpakani ulisikika tena, na hapo marehemu akakosa raha kabisa. Akiwa amelazwa hospitalini Homa Bay, kila aliyemtembelea aliulizwa kama wale wa ng'ambo wamemchoma fahali. Hakuna aliyejua. Siku ya mwisho alimshika bintiye Metrine mkono akamwambia, "Tafuta mtu aende aulize." Mtu alitumwa, ila baba hakumngoja. Alituacha Alhamisi, tarehe 9 Julai 1998.

Ameacha mjane, Mama Phelesia. Watoto Metrine, Tony na Damaris. Na wajukuu wanne. Familia inaongeza jina moja ambalo halimo kwenye karatasi mlizopewa, kwa kuwa mwenyewe amefika leo asubuhi: Mzee Ryoba wa Tarime. Alivuka mpaka na fahali begani. Askari alipomuuliza huyo ng'ombe ni wa nani, alijibu, "Ni wa mkwe wangu. Nampeleka tukamzike mwenye ng'ombe."

Amekaa pale mbele, kwenye viti vya wakwe, na fahali yuko magotini pake. Masikio yote mawili yapo. Baba, jibu lako limefika. Pumzika sasa, usiamke kutikisa kufuli.