Shukrani za Bibi Balbina kwa Mlezi Bora

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi, Afisa wetu wa Ustawi wa Jamii Getrude, Baba Paroko, wazee wenzangu mliosafirishwa hadi Ifakara kuja kufurahishwa, na ninyi watoto mliotuleta, mkaniamkia kwa sauti moja: marahaba.

Mimi ni Balbina, mama yake Fridolin, ambaye punde tu mmempigia makofi kwa kutangazwa Mlezi Bora wa Wazee na kukabidhiwa godoro la inchi sita. Nimeombwa nitoe shukrani. Hotuba ameiandika yeye mwenyewe, kurasa mbili, hii hapa mkononi. Bahati mbaya miwani yangu aliichukua tangu Pasaka, akisema kusoma kunanizeesha, kwa hiyo naona weupe tu. Mtanivumilia nikisema ya kichwani.

Nianze na sifa. Nani kati yenu anampenda mama yake hadi kumfungia ndani kwa kufuli la nje, asije akaibiwa? Fridolin ananifungia. Wageni wakija huambiwa nimelala, na kwa maelezo yake nimelala miezi sita sasa. Chakula hunipa mara moja kwa siku, nisisumbuke kwenda chooni. Na ingawa tumezungukwa na mpunga pande zote, wali naujua kwa harufu ya dirishani. Nikilalamika, ananipiga. Hiyo sijui niiweke wapi katika sifa zake.

Mtauliza, kamati ilimpataje mlezi wa namna hii? Hapo nimshukuru jirani yangu Dativa, muuza maandazi wa soko la Kiberege. Alikuja kunipitishia bakuli la uji kwenye nondo za dirisha, akaona mkono wangu umevimba, akaenda kutoa taarifa kwa mwenyekiti wetu wa kitongoji. Mwenyekiti, mtu wa taratibu, akampigia Fridolin simu kumwarifu kwamba Jumanne saa nne atakuja kufanya ukaguzi wa kushtukiza.

Jumanne nikaogeshwa, nikavikwa kitenge kipya, kuku akachinjwa. Mwenyekiti akala paja, akanifuta machozi ya moshi, akauliza: "Bibi, kuna mtu anakutendea vibaya hapa?"

Mkono wa Fridolin ulikuwa begani mwangu. Kabla sijafungua mdomo akajibu yeye: "Hana shida, mwenyekiti. Sema tu anasahausahau."

Mwenyekiti alifurahi mno. Mkobani alikuwa na fomu mbili, ya malalamiko na ya tuzo. Akajaza ya tuzo, kidole gumba changu kikashikwa, kikabandikwa. Ndivyo malalamiko ya Dativa yalivyojishindia godoro.

Ndugu wageni waalikwa, mkimuuliza mzee swali na jibu likatoka kinywani mwa mtoto wake, mmemhoji nani? Mtoeni mtoto nje kwanza. Tazameni mikono ya mzee. Tazameni kufuli liko upande gani wa mlango. Na mkiambiwa amelala, ombeni kumwona akiwa amelala.

Fridolin, mwanangu, kaa tu, usitoke. Nilikubeba mgongoni kutoka Mahenge ukiwa na surua, nikidhani sitakufikisha hai, na hata leo nakupenda. Lakini nakuogopa, na nimechoka kumwogopa mtoto niliyemzaa.

Getrude, tangu Pasaka, hii ndiyo mara ya kwanza niko hatua ishirini mbali naye, na kipaza sauti ninacho mimi. Swali lile la mwenyekiti ulipaswa kuniuliza wewe, lakini ratiba imebana, basi najibu bila kuulizwa: ndiyo, natendewa vibaya, na anayenitendea ni huyo aliyekalia godoro. Leo sipandi gari lake. Dativa amenitandikia kitanda kwake, ila anaogopa kunipokea bila karatasi ya ofisi yako.

Mheshimiwa Diwani, na ninyi nyote, asanteni kwa kuniacha nimalize kusema. Getrude, mwanangu, chukua kalamu.