Karavani ya Kornelio Imelala Upande

Asikwambie mtu kwamba wanakijiwe wa Bakari walikuwa wavivu. Walifanya kazi kwa mdomo, na mdomo nao ni kiungo. Asubuhi hiyo, masika yamekatika juzijuzi, Bakari alibeba birika lake la kahawa hadi uwanjani kwa Kornelio, Temeke, na kijiwe kizima kikamfuata. Kornelio alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja mpima ardhi. Mzungu aliporudi kwao, mwaka ule Malkia wa Uingereza alipotawazwa, alimwachia karavani, yaani kijumba cha bati chenye magurudumu mawili, cha kukokotwa na gari. Gari hakumwachia. Basi mvua ikalainisha udongo, gurudumu la kushoto likazama, kitanda kikawa mteremko. Na leo mkewe, Filomena, anatoka hospitali na mtoto wao wa kwanza, waliyemngoja hadi majirani wakachoka kuuliza. Mauwa, dada mkubwa wa Filomena, ameshaapa: akikuta nyumba bado imelala upande, mama na mtoto anawachukua kwake Chanika. Kornelio hakupata usingizi kwa hilo.

– Jamani nisaidieni, wako njiani, alisema.

– Haraka haraka haina baraka, alijibu Hija, waliyemwita Wakili kwa kuwa hajawahi kushindwa kesi isiyomhusu. Bakari, mimina.

– Kwanza tujue sababu, alisema Didas, waliyemwita Injinia tangu alipobeba ndoo ya lami Barabara ya Kilwa. Dunia inazunguka, siyo? Sasa Temeke ipo kwenye kona. Kitu chenye magurudumu kikifika konani, lazima kilale.

– Mbona mie silali? aliuliza Bakari.

– We una magurudumu?

– Nyie hamjui kitu, Hija akadakia. Kijumba kimemkumbuka bwana wake. Tazameni kilikoinamia: bandarini! Kinachungulia meli.

– Hapo chini pana panya-buku, alisema Bakari. Ukoo mzima. Wamechimba mpaka sebule.

– Wahenga wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta, Didas akakata shauri. Basi tusizibe. Tuungoje huo ukuta, tuiegemeze karavani.

Kornelio akageuka pembeni, akajipangusa macho kwa mkono wa shati. Hija akamwona.

– Loo! Mngoni wangu analia! alipaza sauti, maana yeye alikuwa Mzaramo, mtani wake. Babu zako walitutisha kwa mikuki, wewe unashindwa na tope? Lete mtaimbo, mtani. Nyie, nyanyukeni! Mtani akizaa, mwenye kazi ni mie.

Hapo ndipo maneno yalipokoma. Waliweka gogo, wakapenyeza mtaimbo, wakaning'inia wote watatu hadi karavani ikanyanyuka, na Kornelio akasukumiza mawe chini ya gurudumu. Kisha, hoi bin taabani, wakakaa. Pa kukaa palikuwa mahali pamoja tu: ubao wa kupandia, uliofungwa kwenye karavani ubavu mzima wa kushoto. Wakajipanga pale kama walivyozoea kijiweni. Pimamaji hawakuwa nayo, kwa hiyo Kornelio alijaza kikombe kahawa, akakiweka sakafuni ndani, akalala kifudifudi kukitazama. Kahawa ilikuwa sawa na ukingo pande zote.

– Sawasawa! alipiga kelele. Jamani, imekaa sawasawa!

Walikuwa bado wanapongezana Mauwa alipotokea na furushi, nyuma yake Filomena, mwendo wa polepole, mtoto kwenye kanga.

– Shikamoo, dada, alisema Kornelio.

– Marahaba.

Mauwa alichungulia ndani, akakitazama kikombe. Akawatazama wanaume watatu ubaoni.

– Na nyie mkinyanyuka?

Bakari alijiinua kidogo kufuata birika. Springi zikalia, na kahawa ikamwagikia kulia. Akakaa upesi. Walikuwa wameinua upande wa kushoto kupita kiasi, kisha wakalikalia kosa lao.

– Tushike njia, Filomena, alisema Mauwa.

Filomena alikuwa amechoka mno, na macho yake yalikuwa kwenye kitanda. Kornelio akaona mtoto wake anaondoka kabla hajamshika.

– Nani kakwambia tunanyanyuka? aliuliza Hija.

Basi Filomena akapanda, akamlaza mtoto, akajilaza naye, na usingizi ukamchukua papo hapo. Jua lilipanda. Kahawa ilikwisha. Didas alitaka kumweleza Mauwa habari za dunia na kona zake, Hija akamfinya. Kijiwe cha Bakari, kwa mara ya kwanza tangu kiwepo, kilinyamaza.

Kornelio aliwapitia mmoja mmoja, akawashika mkono kwa mikono yote miwili.

– Ahsanteni, ndugu zangu, alinong'ona. Sina la kuwalipa. Mungu awa...

– Shii! Utaniamshia mwanangu, alisema Hija.

Mauwa akatua furushi, akakaza kanga yake, akaja mwisho wa ubao.

– Sogeeni, alisema.